Barua inayomfokea mteja haileti pesa

Hebu chukua dakika moja uisome barua hii. Ni ya kubuni, lakini mfano wake umekwisha kuuona mara nyingi, ama mlangoni mwa nyumba yako ya kupanga, ama katika bahasha ya kahawia ambayo mtoto alirudi nayo kutoka shuleni:

"KUH: MALIMBIKIZI YA DENI. Rejelea suala lililotajwa hapo juu. Imebainika kwamba akaunti yako ina malimbikizi ambayo hayajashughulikiwa licha ya kukumbushwa. Kwa hivyo, unaarifiwa kufanya malipo yote bila kuchelewa, la sivyo hatua zifaazo zitachukuliwa dhidi yako pasipo kurejelewa tena. Tunajutia usumbufu wowote utakaosababishwa. Wako mwaminifu, Meneja."

Sasa nikuulize. Ni nani aliyebaini? Deni lenyewe ni shilingi ngapi? Lilipwe lini, na lilipwe wapi? Hizo "hatua zifaazo" ni zipi: ni kufungiwa mlango, kupelekwa kortini, ama ni kunyimwa mkopo tu? Na huyu Meneja, je, hana jina alilopewa na wazazi wake? Barua nzima imejaa maneno, lakini mama anayeisoma akiwa amesimama jikoni hapati jibu hata moja. Anachopata ni hofu. Na mtu aliyejawa na hofu aghalabu halipi deni. Hubadilisha njia ili asipite mbele ya duka lako, huzima simu, na siku ya siku huhama usiku.

Mfikirie sasa mwenye duka huyo huyo akikutana na mama huyo huyo kwenye kituo cha matatu. Je, atamwambia "imebainika kwamba akaunti yako ina malimbikizi"? Hata awe na hasira kiasi gani, hawezi. Atasema: "Habari ya siku nyingi, Mama Fulani. Watoto hawajambo? Mama, kitabu chetu bado kina shilingi elfu tatu na mia mbili zako za tangu mwezi wa pili. Waonaje, mwisho wa mwezi utaweza kunipunguzia ngapi?" Katika maneno hayo machache mna salamu, mna kiasi, mna tarehe, mna ombi na mna nafasi ya kujibu. Mama atajieleza, na yamkini atafungua kibeti atoe mia tano pale pale.

Huyo ni mtu mmoja mwenye ndimi mbili. Akinena ni jirani. Akiandika ni askari. Juma hili ningependa tulitazame jambo hili kwa makini, maanake siku hizi karibu kila jamaa jijini ana biashara ya namna fulani ya kuandikia: mama anauza nguo kwa simu, baba ni katibu wa chama, kijana wa chuo anatafuta kazi, na dada anakusanya kodi ya ploti ya shangazi yake.

Tabia hii ya kuandika kwa ukali tuliirithi. Enzi za ukoloni barua za serikali ya Mwingereza zilikuwa na kanuni zake. Karani alifunzwa kutaja faili, kusema "rejelea barua yako", na mwisho kujiita mtumishi mtiifu wa mkubwa anayemwandikia, hata kama walikuwa hawapatani kamwe. Serikali ile iliondoka mwaka 1963, lakini barua zake hazikuabiri meli. Zilibaki katika kabati zetu, tukazinakili, kisha tukazitafsiri.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Waingereza wenyewe walikwisha kuchoka nazo. Wizara yao ya fedha ilimwomba mtumishi wa serikali aliyeitwa Sir Ernest Gowers aandike kijitabu cha kuwafunza maofisa namna ya kuandika kwa maneno yanayoeleweka. Kiliitwa Plain Words, kikatoka mwaka 1948, na mwaka 1954 kikatoka kile kikubwa zaidi kilichokusanya mafunzo yake yote. Kwa hivyo tulipokuwa tukiikumbatia lugha ile ya maofisini kama vazi la heshima, wenyewe walikuwa wakijaribu kulivua.

Tafsiri nayo imeongeza balaa. Tazama maneno haya: "Tafadhali usisite kuwasiliana nasi." "Tunajutia usumbufu uliosababishwa." "Tafadhali fahamu kwamba." Hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa kanzu. Hakuna Mswahili aliyewahi kumkanyaga mwenzake ndani ya basi akamwambia anajutia usumbufu uliosababishwa. Husema, "Samahani ndugu, nimekukanyaga." Nani amefanya nini, na pole yake, basi.

Isitoshe, lugha yetu ina desturi yake ya barua, tena ya kale. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiandikiana kwa hati za Kiarabu kabla ya shule za wamishonari kufika. Mjerumani mmoja, C. G. Büttner, alikusanya barua na hati za namna hiyo akazichapisha mjini Berlin mwaka 1892. Desturi ya barua hizo ilikuwa kutanguliza salamu na maneno ya heshima, kisha mwandishi aseme "wa baada", ndipo ataje haja iliyomfanya ashike kalamu. Babu zetu walijua kwamba mtu akidaiwa kabla ya kusalimiwa, masikio yake huziba.

Sisemi turudie salamu za ukurasa mzima. Mteja wa leo anasoma akiwa amening'inia ndani ya matatu, na akiona mistari minane ya "natumaini u buheri wa afya kama mimi nilivyo huku" ataifuta kabla ya kufika kwenye haja. Mstari mmoja unatosha. Lakini huo mmoja usikose.

Baada ya salamu kuna kazi, na kazi kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwarudisha watu ndani ya sentensi. Barua za biashara zimewafukuza. Utasoma kwamba "imeamuliwa", "inatakiwa", "itachukuliwa", kana kwamba mambo hayo yanatendwa na upepo. Andika "tumeamua" ukiwa ni wewe uliyeamua. Usimwite anayesoma "mteja husika" ilhali unamwandikia yeye. Mwite "wewe". Kiswahili kimeturahisishia: herufi moja tu, ile u ya "ulinunua", inatosha kumweka mtu mbele yako. "Mteja aliyenunua bidhaa anatakiwa kuwasilisha risiti" ni tangazo la ukutani. "Ukija, ubebe risiti uliyopewa" ni mazungumzo.

Kadhalika vipe vitendo nafasi yake. Tumezoea kuvigeuza kuwa majina marefu yenye kuchosha: "ufanyaji wa malipo", "utoaji wa taarifa", "uchukuaji wa bidhaa". Ni kulipa, ni kusema, ni kuchukua. Ukiona neno linaloanza kwa u- na linamalizikia kwa -aji katika barua ya dukani, lishuku.

Tuseme wewe ni fundi wa makochi kando ya barabara ya Ngong. Bi. Fulani alilipa nusu ya bei, ukamwahidi seti yake Ijumaa tarehe 8. Sasa kitambaa kimekwisha na Ijumaa haitawezekana. Wengi wetu tungeandika hivi: "Kutokana na sababu zisizoepukika, uwasilishaji wa bidhaa yako umecheleweshwa. Uvumilivu wako utathaminiwa." Bi. Fulani amekwisha kuwaalika wageni wa posa ya binti yake Jumamosi. Anapousoma ujumbe huo damu inamchemka, maanake hajui kama makochi yatakuja kesho ama mwakani, wala hajui kama fundi bado yupo.

Jaribu hivi: "Habari ya asubuhi, Bi. Fulani. Samahani sana, makochi yako hayatakuwa tayari Ijumaa kama nilivyokuahidi. Kitambaa cha rangi uliyochagua kilikwisha, na kingine kitafika Jumanne tarehe 12. Nitakuletea makochi nyumbani Alhamisi tarehe 14, na gari nitalilipia mimi. Ikiwa unayahitaji kabla ya hapo, nipigie leo tuone kitambaa kingine, ama nikurudishie dipoziti yako."

Bado amekasirika, usijidanganye. Posa ni Jumamosi. Lakini sasa ana la kufanya: anaweza kuchagua kitambaa kingine, kuazima viti kwa jirani ama kudai pesa zake. Ujumbe wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza, nami nataka uligundue hilo, kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba lugha ya kirafiki ni kufupisha tu. Unapunguza maneno matupu, lakini habari anayoihitaji mtu huipunguzi hata chembe.

Tajiri wa Kimarekani Warren Buffett, ambaye barua zake za kila mwaka kwa wenye hisa zimesomwa ulimwenguni kote, aliwahi kueleza siri yake. Mwaka 1998 tume inayosimamia masoko ya hisa nchini mwake ilitoa kitabu cha kuwafunza wenye makampuni kuandika kwa lugha nyepesi, naye akaandika dibaji. Alisema kwamba anapoandika ripoti ya kampuni hujifanya anazungumza na dada zake wawili, Doris na Bertie: watu wenye akili timamu, walio na pesa zao ndani ya kampuni, ila si wataalamu wa hesabu. Nawe mtafute "dada" wako. Ukiandikia wanachama wa chama, mfikirie mmoja unayemfahamu, labda yule mama anayeuza mboga na ambaye hakosi mkutano, umwandikie yeye. Kisha soma ulichoandika kwa sauti. Pale utakapoona haya kulitamka neno mbele yake, lifute.

Huenda ukaniambia haya ni mapambo tu, na kwamba deni ni deni hata likiandikwa kwa ukali. Basi tuzungumzie fomu ya mdhamini.

Watu wengi humu nchini wamewadhamini wenzao kwenye SACCO. Mwenzako kazini anakuja na karatasi saa ya chai: "Nitilie sahihi hapa, ni mambo ya ofisi tu." Kwenye karatasi, kwa maandishi madogo, kuna maneno ya namna hii: "Mdhamini anakubali kuwajibika kwa pamoja na kwa kila mmoja kuhusiana na salio lolote litakalosalia iwapo mkopaji atakiuka masharti." Unatia sahihi, kwani nani ana wakati wa kuufumbua ule msitu? Miaka miwili baadaye mwenzako ameacha kazi, simu yake haipatikani, nawe unaomba mkopo wa karo ya mwanao unaambiwa akiba yako imefungwa ama imekatwa.

Maneno yale yale yangeweza kuandikwa hivi: "Ukitia sahihi hapa, na mwenzako asipolipa mkopo huu, tutakata akiba yako kuulipa. Tafadhali muulize mkopo ni wa pesa ngapi na ataulipa kwa muda gani kabla ya kutia sahihi." Sijui ni wangapi wangeirudisha kalamu mfukoni, lakini kila mmoja angejua anaingia wapi. Hapo ndipo ninapoona kwamba lugha ya mazungumzo ni haki ya mtu wala si madoido. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kifungu cha 7 nacho kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Habari iliyofichwa nyuma ya maneno magumu ni kama haikutolewa.

Lakini kuna urafiki wa mdomoni ambao ni mbaya kuliko ukali wa wazi. Tuliuona kwa baadhi ya kampuni zinazokopesha kwa simu. Siku ya kukopa unaitwa "rafiki mpendwa" na kutumiwa vikatuni vya tabasamu. Siku ya kuchelewa, bosi wako, mama mkwe wako na jirani wa zamani wanapokea arafa kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Malalamiko yalizidi hadi sheria ikaingilia. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji hao kutumia vitisho na matusi wanapodai, na pia kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mkopaji. Kwa hivyo, ukiamua kuandika kirafiki, uwe tayari kuwa rafiki hata siku ya mambo kuharibika. Kama huwezi, andika kwa adabu tu, adabu inatosha.

Vile vile tusichanganye urafiki na utovu wa heshima. Kijana wa duka la simu anaweza kumwandikia mwenzake wa chuo "niaje, ile chaja yako imefika" na asikosee. Akimwandikia hivyo mzee wa miaka sitini, mzee ataichukua chaja yake na asirudi tena. Mwite "Mzee", ama "Bw." na jina lake. Mama mtu mzima mwite "Mama" ama "Bi.", wala usimwite "mpenzi" ama "dia" eti kwa kuwa ni mteja. Na ukimwandikia usiye na habari naye, anza kwa adabu, umwache yeye akuonyeshe atakavyo kuitwa. Mara nyingi jibu lake litakuambia: akisema "Asante mwanangu", basi umekwisha kupewa nafasi yako.

Kuna watu watakaosema arafa haina nafasi ya adabu yote hiyo, kwani inabeba herufi 160 tu kabla ya kuhesabiwa kuwa mbili. Nafasi ipo. Hesabu hii: "Habari Mama Fulani. Kodi ya Machi, sh 8,500, bado hatujaiona. Ukilipa kabla ya Ijumaa tarehe 8 itakuwa vyema. Kuna tatizo? Nipigie. Karani wa ploti." Herufi hazifiki 160, tena ukihesabu na nafasi baina ya maneno. Hata ujumbe wa M-Pesa, huduma tuliyoizoea tangu Machi 2007, hauna tabasamu lolote, lakini hakuna anayeuogopa. Unakuambia pesa ngapi, zimekwenda kwa nani, lini, na umebakiwa na nini. Nyanya zetu vijijini waliuelewa bila kufunzwa na mtu.

Ninyi wanafunzi sijawasahau. Shuleni mwalimu atataka anwani mbili, tarehe, MINT, na saini mahali pake. Mpe, msiniletee lawama za alama zilizopotea. Umbo la barua rasmi halina ubaya wowote. Kasoro huingia katika yale mnayoyajaza ndani yake. Nimezisoma barua nyingi za vijana wanaotafuta nafasi ya mazoezi ya kazi, na karibu zote zinaanza hivi: "Ningependa kuchukua fursa hii adhimu kuwasilisha ombi langu la kuzingatiwa kwa nafasi yoyote itakayopatikana katika kampuni yako tukufu." Mwajiri mwenye barua arubaini mezani amekwisha kuisoma sentensi hiyo mara thelathini na tisa. Hajui wewe ni nani, umesomea nini, wala unataka kufanya nini, na "nafasi yoyote" inamwambia kwamba hata wewe hujui.

Mwandikie kama ungemjibu kama angekuuliza mlangoni, "Kijana, nikusaidie nini?" Hungejibu kwa fursa adhimu. Ungesema: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu. Ninatafuta mahali pa kufanyia mazoezi kwa miezi mitatu kuanzia Mei. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu kuweka hesabu za duka lake la vifaa vya ujenzi, na najua kutumia kompyuta kwa kazi hiyo." Iondoe shikamoo, uweke "Kwa Bw. Meneja" ama jina lake kama unalijua, na hiyo ndiyo aya yako ya kwanza. Chini yake tia jina lako kamili na namba ya simu ambayo inashika mtandao. Na ikilia saa mbili asubuhi kutoka namba usiyoijua, usipokee kwa "Nani?".